Marion Buller: Jaji aliyetaka sheria iwasikilize wenyeji asilia wa Kanada

MNAMO Juni 3, 2019, katika Makumbusho ya Historia ya Kanada mjini Gatineau, ng'ambo ya mto kutoka jiji kuu la Ottawa, tume iliyoongozwa na jaji wa zamani Marion Buller ilimkabidhi Waziri Mkuu wa wakati huo, Justin Trudeau, ripoti ya kurasa zaidi ya elfu moja. Ndani yake mlikuwa na miito 231 ya kutaka haki, pamoja na neno ambalo serikali ya nchi hiyo haikuwa imezoea kulisikia likitajwa juu ya ardhi yake yenyewe: mauaji ya kimbari.

Ripoti hiyo ilihusu wanawake na wasichana wenyeji asilia waliouawa au kutoweka kwa miongo mingi, huku jamaa zao wakilalamika kwamba polisi hawakujishughulisha kuwatafuta. Kwa Bi Buller, siku hiyo ilikuwa kilele cha kazi iliyoanza zaidi ya robo karne nyuma katika vijiji vya mkoa wa British Columbia, wakati alipokuwa wakili kijana akikusanya malalamiko ya wananchi dhidi ya polisi, mawakili na mahakimu.

Maisha yake ya kazi yanabeba swali linalowasumbua wengi katika mataifa yaliyowahi kutawaliwa: je, inawezekana kuzirekebisha asasi za sheria ukiwa ndani yake, hasa iwapo asasi hizo ndizo zilizotumiwa kuwakandamiza watu wako? Bi Buller alifaulu kubadilisha namna mahakama inavyoketi na kusikiliza. Lililobaki kuwa gumu ni kuifanya serikali itende kulingana na yale iliyoyasikia.

Chimbuko na masomo

Marion Buller ni wa jamii ya Cree, na ni mwanachama wa taifa la Mistawasis Nêhiyawak katika mkoa wa Saskatchewan, eneo la nyanda za katikati mwa Kanada. Alisomea anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Victoria kilichoko British Columbia, kisha akarejea chuoni humo kusomea sheria na kuhitimu mwaka 1987. Mwaka uliofuata aliidhinishwa kuwa wakili, akawa anashughulikia kesi za madai na za jinai.

Wakati huo mawakili wenyeji asilia walikuwa wachache mno nchini Kanada. Sababu zake ni za kihistoria. Chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 1876 kusimamia maisha ya wenyeji hao, serikali iliamua nani atambuliwe kuwa mwenyeji asilia na nani asitambuliwe. Mwanamke aliyeolewa na mwanamume asiyekuwa wa jamii hizo alipoteza hadhi yake kisheria, naye pamoja na watoto wake wakakosa haki ya kuishi katika maeneo yaliyotengewa jamii yao. Kanuni hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1985.

Aidha, zaidi ya watoto 150,000 walipelekwa katika shule za bweni zilizoendeshwa na makanisa kwa niaba ya serikali, ambako walikatazwa kuzungumza lugha zao. Polisi wa kitaifa, kikosi kilichoundwa mwaka 1873 kwa ajili ya maeneo ya magharibi, walitumiwa kuwakamata watoto waliotoroka na kuwalazimisha wazazi waliokataa kuwatoa watoto wao. Kwa familia nyingi, kumbukumbu ya kwanza ya polisi ilikuwa ya mtu mwenye sare aliyekuja kuchukua mtoto. Bila kufahamu jambo hilo, ni vigumu kuelewa kwa nini baadaye mama aliyepotelewa na binti yake angesita kupiga simu katika kituo cha polisi.

Malalamiko ya Cariboo-Chilcotin

Kazi iliyompa Bi Buller sura ya wazi ya tatizo hilo ilikuja mapema katika miaka ya 1990. Serikali ya British Columbia iliunda tume ya kuchunguza uhusiano baina ya wenyeji asilia na vyombo vya sheria katika eneo la Cariboo-Chilcotin, sehemu kubwa ya misitu na mashamba ya mifugo iliyoko bara, karibu na mji wa Williams Lake. Tume hiyo iliongozwa na Jaji Anthony Sarich. Bi Buller alikuwa wakili wa tume.

Badala ya kuwaita wananchi waje mjini, tume ilisafiri kuwafuata katika makazi yao. Huko ilisikiliza malalamiko juu ya watu kukamatwa kwa kutumia nguvu kupita kiasi, wapelelezi kutofika walipoitwa, na mawakili wa serikali ambao wateja wao waliwaona kwa dakika chache tu kabla ya kesi kuanza. Wengi walieleza kwamba walikiri makosa ili tu mambo yaishe warudi nyumbani. Vilevile walisema hawakuielewa lugha ya mahakama wala taratibu zake.

Lakini wazee wa taifa la Tsilhqot'in walikuwa na jambo jingine la kusema, nalo lilikuwa la miaka mia moja na thelathini iliyopita. Mwaka 1864, miaka miwili baada ya ugonjwa wa ndui kuua idadi kubwa ya wenyeji wa mkoa huo, wapiganaji wa Tsilhqot'in waliwashambulia wafanyakazi waliokuwa wakipasua barabara kuelekea katika ardhi yao bila idhini. Baadaye wakuu wao walifika kambini wakiamini wanakwenda kuzungumzia amani. Walikamatwa, wakashtakiwa mbele ya Jaji Matthew Begbie, na watano wakanyongwa mnamo Oktoba 26, 1864, mahali ulipo mji wa Quesnel leo. Mkuu wa sita, Ahan, alinyongwa mwaka uliofuata katika mji wa New Westminster.

Katika ripoti yake ya mwaka 1993, Jaji Sarich alisema tukio hilo lilikuwa kidonda ambacho hakijapona, akapendekeza serikali iombe msamaha. Mwaka huo huo Mwanasheria Mkuu wa mkoa alitoa radhi. Mwaka 2014 serikali ya mkoa iliwatangaza wakuu hao kuwa hawakuwa na hatia yoyote, na mwaka 2018 serikali ya kitaifa ikafanya vivyo hivyo bungeni.

Somo la Cariboo-Chilcotin lilikuwa bayana. Watu waliokuja kulalamikia afisa wa polisi wa mwaka 1992 walianza masimulizi yao na jaji wa mwaka 1864. Kwao, yote yalikuwa kesi moja ambayo haijafungwa.

Kiti cha jaji

Mbali na kazi hiyo, Bi Buller alikuwa rais wa chama cha mawakili wenyeji asilia na mwanachama wa tume iliyosimamia masuala ya polisi katika British Columbia. Mnamo 1994 aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Mkoa. Alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Mataifa ya Kwanza, kama wanavyoitwa wenyeji asilia wasio Wainuit wala Wametis, kushika wadhifa huo katika mkoa huo.

Mahakama ya Mkoa ndiyo mahakama ambayo mwananchi wa kawaida huifahamu zaidi. Humo ndimo hufikishwa wezi wadogo, walevi waliopigana, madereva walioendesha magari bila leseni, wazazi wanaogombania watoto, na watoto wanaotakiwa kuondolewa kwa wazazi wao na maafisa wa ustawi wa jamii. Jaji anayeketi humo kwa muda mrefu huwaona watu wale wale wakirudi, na baada ya miaka kadhaa huwaona watoto wao.

Takwimu zilieleza hali hiyo kwa lugha ya nambari. Wenyeji asilia ni takriban asilimia tano ya watu wa Kanada, lakini kufikia mwanzo wa miaka ya 2020 walikuwa karibu theluthi moja ya wafungwa katika magereza ya serikali kuu. Miongoni mwa wafungwa wanawake, walikuwa karibu nusu.

Bunge la Kanada lilitambua tatizo hilo mwaka 1996 lilipobadilisha sheria ya jinai na kuwataka majaji wazingatie njia nyingine zote zifaazo kabla ya kumpeleka mtu gerezani, wakitilia maanani hasa hali ya washtakiwa wenyeji asilia. Mwaka 1999, katika kesi inayojulikana kama Gladue, iliyotokea British Columbia, Mahakama ya Juu ya Kanada ilifafanua kwamba kifungu hicho si pambo. Jaji analazimika kuuliza historia ya mshtakiwa na ya jamii yake, yakiwemo mambo kama shule za bweni, umaskini na kutenganishwa kwa familia, na kutafuta adhabu inayoweza kurekebisha madhara.

Hata hivyo, amri ya mahakama ya juu ni jambo moja, na dakika chache alizonazo jaji wa chini kwa kila kesi ni jambo lingine. Asubuhi yenye orodha ndefu ya washtakiwa haitoi nafasi ya kuuliza historia ya mtu yeyote.

Mahakama mpya katika mji wa kale

Jawabu la Bi Buller lilikuwa kuanzisha kikao tofauti. Mnamo Novemba 2006, Mahakama ya Mataifa ya Kwanza ilianza kuketi katika jengo la mahakama la New Westminster, karibu na Vancouver. Ni katika mji huo ambako Mkuu Ahan alinyongwa mwaka 1865. Nje ya jengo lenyewe, katika uwanja uliopewa jina la Begbie, palisimama sanamu ya jaji huyo aliyewahukumu kifo wakuu watano wa Tsilhqot'in.

Utaratibu wa mahakama hiyo ni huu. Mshtakiwa hupelekwa huko kwa hiari yake, baada ya kukiri kosa. Haijadiliwi tena kama alitenda au hakutenda. Kinachojadiliwa ni nini kifanyike ili asirudie, na ili aliyemkosea na jamii yake wapate nafuu. Wazee wa jamii huketi pamoja na jaji, nao huzungumza na mshtakiwa moja kwa moja. Wakili wa serikali, wakili wa utetezi, afisa wa urekebishaji tabia na jamaa za mshtakiwa hupewa nafasi ya kusema.

Matokeo yake huandikwa kuwa mpango wa uponyaji. Mpango huo unaweza kumtaka mtu ahudhurie matibabu ya ulevi, atafute makao, arejee shuleni, ajifunze mila za jamii yake, au afanye kazi ya kufidia. Mpango huo una nguvu ya amri ya mahakama. Tofauti kubwa ni kwamba mshtakiwa hurudi mara kwa mara mbele ya jaji na wazee wale wale kueleza alipofikia. Akiukamilisha, wazee humfunika blanketi kama ishara ya heshima.

Wapo waliodai kwamba huko ni kuwadekeza wahalifu. Waliokijua kikao hicho walijibu kwamba ni rahisi zaidi kusimama kimya huku wakili akikusemea kuliko kuketi mbele ya bibi wa jamii yako na kumweleza kwa kinywa chako ulichomfanyia mwenzako. Aidha, mahakama hiyo haikufuta kifungo. Jaji alibaki na uwezo wa kumfunga anayestahili kufungwa.

Mfano huo ulienea. Mahakama za namna hiyo zilifunguliwa North Vancouver mwaka 2012, Kamloops na Duncan mwaka 2013, na baadaye Merritt na Prince George. Kila moja ilitegemea wazee wa mahali pake na mila za mahali pake. Ama sanamu ya Jaji Begbie, baraza la mji wa New Westminster liliamua iondolewe, na mnamo Julai 2019 ikang'olewa kutoka mbele ya jengo hilo.

Barabara ya Machozi

Kulikuwa na kundi la wananchi ambalo mahakama hizo hazingeweza kulisaidia, kwa kuwa halikufika mahakamani kamwe. Hao ni wanawake waliotoweka.

Kaskazini mwa British Columbia, Barabara Kuu nambari 16 inapita kilomita zaidi ya 700 kati ya Prince George na bandari ya Prince Rupert. Kwa miaka mingi vijiji vilivyo kando yake havikuwa na usafiri wa umma wa kutosha, na sehemu kubwa ya njia haikuwa na mawimbi ya simu. Wasichana waliotaka kwenda kazini, hospitalini au kuwatembelea jamaa waliomba lifti kwa madereva wasiowajua. Baadhi hawakufika. Wenyeji waliiita njia hiyo Barabara ya Machozi. Kitengo maalumu cha polisi kilichoundwa mwaka 2005 kilipewa visa 18 vya kuchunguza, vya kati ya mwaka 1969 na 2006, katika barabara hiyo na nyingine za karibu.

Kusini, katika mtaa maskini wa mashariki mwa jiji la Vancouver, wanawake walikuwa wakitoweka tangu miaka ya 1990, wengi wao wenyeji asilia. Mfuga nguruwe mmoja, Robert Pickton, alipatikana na hatia ya kuwaua sita mnamo 2007, na alikuwa ameshtakiwa kwa vifo vya wengine 20. Tume ya mkoa chini ya jaji wa zamani Wally Oppal iliripoti mwaka 2012 kwamba polisi walishindwa vibaya kazi yao, na kwamba wanawake hao walipuuzwa kwa sababu ya umaskini wao na asili yao.

Mwaka 2014 polisi wa kitaifa walichapisha hesabu yao wenyewe: wanawake wenyeji asilia 1,017 waliouawa kati ya mwaka 1980 na 2012, na wengine 164 ambao hawakujulikana walipo. Wanawake hao ni kama asilimia nne tu ya wanawake wote wa Kanada, lakini walikuwa asilimia 16 ya wanawake waliouawa katika kipindi hicho. Mashirika ya wenyeji yaliamini kwamba idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa vifo vingi vilivyotiliwa shaka viliandikwa kuwa ajali au mtu kujiua.

Mnamo Agosti 2014 mwili wa msichana wa miaka 15 ulitolewa katika mto mjini Winnipeg, na kilio cha kutaka uchunguzi wa kitaifa kikapanda. Serikali ya Stephen Harper ilikataa, ikisema hayo ni makosa ya jinai ya kushughulikiwa na polisi. Chama cha Trudeau kiliahidi kuunda tume, na baada ya ushindi wake wa Oktoba 2015 kikatekeleza ahadi hiyo. Agosti 2016 Bi Buller alitangazwa kuwa kamishna mkuu, akaacha kiti cha jaji alichokuwa amekikalia kwa miaka 22.

Tume yenye misukosuko

Tume ilianza kazi Septemba 1, 2016. Ilipewa miaka miwili na dola milioni 53.8 za Kanada kuichunguza nchi yenye mikoa kumi na maeneo matatu makubwa ya kaskazini. Tangu mwanzo mambo yalikwama. Taratibu za serikali za kuajiri na kununua vifaa zilichelewesha kufunguliwa kwa afisi kwa miezi kadhaa. Katika ripoti yake ya muda ya Novemba 2017, tume ililalamika waziwazi kwamba urasimu ulikuwa ukiizuia kufanya kazi iliyopewa na serikali ile ile.

Familia nazo zililalamika. Zilisema hazikupata habari za kutosha, tarehe za vikao zilibadilishwa, na waliotaka kutoa ushahidi hawakujua wamwendee nani. Kamishna mmoja alijiuzulu Julai 2017. Wafanyakazi wengine waliondoka. Katika mkutano wa Desemba 2017, wakuu wa Baraza la Mataifa ya Kwanza walipitisha azimio la kutaka Bi Buller aondolewe.

Hapa ndipo mtihani mkubwa wa maisha yake ulipojitokeza. Mwanamke aliyesifiwa kwa kuifundisha mahakama kusikiliza alikuwa sasa akilaumiwa na watu wake kwamba hawasikii. Hakujiuzulu. Vikao viliendelea, kuanzia Whitehorse katika eneo la Yukon mwezi Mei 2017 hadi Vancouver mwezi Aprili 2018. Katika vikao hivyo, mashahidi hawakuhojiwa kwa ukali kama ilivyo desturi ya mahakama. Familia zilichagua kuzungumza hadharani au faraghani, wazee na wahudumu wa afya walikuwa karibu, na walioshindwa kusema waliruhusiwa kuwasilisha kazi za sanaa. Ilikuwa desturi ya New Westminster iliyopelekwa nchi nzima.

Jumla ya watu zaidi ya 2,380 walishiriki, wakiwemo wanafamilia na manusura 1,484. Tume iliomba kuongezewa miaka miwili. Ikapewa miezi sita.

Polisi mbele ya tume

Mwezi Juni 2018, tume iliketi mjini Regina, Saskatchewan, kusikiliza masuala ya polisi. Kamishna wa polisi wa kitaifa, Brenda Lucki, alifika mbele yake akaziomba radhi familia, akikubali kwamba kwa wengi wao kikosi hicho hakikuwa kama walivyohitaji kiwe wakati wa msiba.

Ushahidi uliotolewa katika vikao mbalimbali ulifanana kutoka mkoa hadi mkoa. Mzazi anaripoti kwamba binti yake hajarudi, anaambiwa angoje, labda amelewa mahali au ametoroka nyumbani. Siku za mwanzo, ambazo ndizo zenye thamani kubwa kwa upelelezi, zinapita. Faili inahamishwa kutoka kwa afisa mmoja hadi mwingine. Familia haielezwi chochote kwa miaka.

Miito ya tume kwa polisi ilitokana na mambo hayo: mashirika huru ya kiraia ya kuchunguza mienendo ya polisi, kikosi cha kitaifa cha kufungua upya kesi ambazo hazikutatuliwa, utaratibu mmoja wa kushughulikia ripoti za waliotoweka, na maafisa zaidi kutoka jamii za wenyeji. Tume ilisisitiza pia kwamba polisi peke yao hawatoshi. Msichana asiye na makao wala nauli yumo hatarini hata afisa awe hodari kiasi gani. Kwa hivyo miito mingine iligusa nyumba, usafiri, afya, malezi ya watoto na kipato cha kumwezesha mtu kuishi.

Neno lililozua mjadala

Magazeti ya siku iliyofuata hayakuanza na nyumba wala usafiri. Yalianza na mauaji ya kimbari. Tume ilieleza kwamba kwa mujibu wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1948, mauaji ya kimbari hayahitaji kambi za mauti. Kuwahamisha watoto kwa nguvu, kuzuia uzazi na kuiwekea jamii hali ya maisha inayoielekeza kuangamia ni sehemu ya tafsiri hiyo, na inaweza kutendwa polepole kupitia sera na kutotenda.

Miongoni mwa waliopinga alikuwa jenerali mstaafu Roméo Dallaire, aliyeongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda mwaka 1994. Kwa mtu aliyeshuhudia yaliyotokea Kigali, neno hilo lilikuwa na maana ya serikali kukusudia waziwazi kuliangamiza kabila, na alisema anatatizwa na kulitumia kwa hali ya Kanada. Trudeau hakulitamka katika hafla ya Gatineau, lakini baadaye alisema serikali yake inaukubali uamuzi wa tume.

Kwa waliolifuatilia suala hilo tangu Cariboo-Chilcotin, mjadala huo haukuwa wa maneno matupu. Kama vifo vile ni makosa ya jinai ya mmoja mmoja, dawa yake ni upelelezi bora. Kama vinatokana na mfumo, basi mfumo wenyewe unawajibika, na serikali haina budi kuubadilisha. Ndiyo sababu tume ilikataa kuyaita madai yake mapendekezo. Iliyaita miito ya haki, na kusema yana msingi wa kisheria.

Yaliyotendwa na yaliyobaki

Mpango wa kitaifa wa kutekeleza miito hiyo ulitangazwa Juni 2021, mwaka mmoja baada ya muda ulioahidiwa. Mabasi ya umma yalikuwa yameanza kupita Barabara ya Machozi tangu mwaka 2017, na mwaka 2021 zikatengwa fedha za kujenga minara ya simu kando yake. Mei 2023 Bunge la Kanada liliafiki kwamba vifo na kutoweka kwa wanawake hao ni dharura ya kitaifa. Hata hivyo, uchunguzi wa shirika la utangazaji la CBC mwezi Juni 2023 uligundua kwamba kati ya miito yote 231, miwili pekee ndiyo iliyokuwa imetekelezwa kikamilifu.

Tukio la Winnipeg lilionyesha umbali uliobaki. Desemba 2022 polisi wa jiji hilo walisema hawatatafuta miili ya wanawake wawili wenyeji asilia iliyoaminika kuzikwa katika jaa la taka, kwa kuwa kazi hiyo ingekuwa ngumu na ya hatari. Familia zao ziliandamana na kupiga kambi. Oktoba 2023 mkoa wa Manitoba ulimpata Wab Kinew, kiongozi wa kwanza wa serikali ya mkoa kutoka Mataifa ya Kwanza, naye akaahidi kutafuta. Upekuzi ulianza mwishoni mwa 2024. Kufikia Machi 2025 mabaki ya wanawake wote wawili yalikuwa yamepatikana na kutambuliwa, na jamaa zao wakaweza kuwazika.

Bi Buller mwenyewe, mnamo Januari 2022, alianza kuhudumu kama chansela wa Chuo Kikuu cha Victoria, chuo alichosomea anthropolojia na sheria. Katika New Westminster, mahakama aliyoianzisha iliendelea kuketi baada ya yeye kuondoka, chini ya majaji wengine na pamoja na wazee. Huko, jaji akiuliza mpango wa uponyaji umefikia wapi, mshtakiwa hana budi kujibu mbele ya waliomsikiliza akiahidi. Familia za wanawake waliotoweka zimekuwa zikiitaka serikali ya Kanada nayo ijibu hivyo hivyo.